Prosesa ya Gitaa: Sasisho Lipi Linafaa, Lipi ni Kelele Tu

Mpiga gitaa wa Makutano, Meru, siku hizi habebi ampu. Awe anapiga mugithi peke yake kwenye baa usiku wa Ijumaa au anaongoza sifa kanisani Jumapili asubuhi, mzigo wake ni gitaa, kinanda au mashine ya ngoma, na prosesa ya miguuni inayoiga ampu. Sababu inaeleweka. Barabara inayoanzia ile Makutano nyingine, wanakopinda wanaotoka Nairobi kwenda Mwea na Embu, inapanda kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru mjini. Ukiwa na shughuli tatu kwenye barabara hiyo wikendi moja, ampu yenye spika mbili za inchi 12 itadai kiti chake kwenye matatu. Prosesa inaingia begini pamoja na waya.

Kisha siku moja unaiunganisha na kompyuta, na ujumbe unatokea: toleo jipya la programu lipo. Unafungua YouTube, unakuta mtu amefumba macho akisema sauti sasa imekuwa ya ampu halisi, na kwamba hata mguso, yaani namna chombo kinavyoujibu mkono, umebadilika kabisa. Wenzako wanauliza kama umeshasasisha. Ufanye nini?

Jibu langu ni kwamba yapo masasisho yaliyobadilisha sauti kweli, na nitayataja. Lakini kwa gitaa linalopigwa safi, bila ukwaruzo mwingi, likapita kwenye miksa ya ukumbi na kutokea kwenye spika kubwa za hadhara, masasisho mengi hayasikiki hata kidogo. Na yale unayodhani umeyasikia, mara nyingi umesikia kitu kingine.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Kuiga ampu kwa hesabu za kidijitali si jambo la jana: Line 6 walitoa POD yao, ile nyekundu yenye umbo la figo, mwaka 1998. Zamani ukinunua chombo cha namna hii ulikuwa umenunua jinsi kilivyo. Kasoro zake ulizeeka nazo. Kilichobadilika ni kwamba sasa chombo kinauzwa kama ahadi. Kemper Profiler kilipofika madukani, wanunuzi wake wa kwanza waliendelea kupata masasisho ya bure kwa miaka mingi. Helix ya Line 6 iliyotoka 2015 nayo ilikua hivyo hivyo, na Axe-Fx ya Fractal Audio imejijengea jina kwa masasisho yasiyokwisha. Hata prosesa za bei ya chini za Zoom, Boss, NUX na Valeton zina programu za kompyuta za kuziongezea vitu. Hili ni jema kwa mtu anayenunua chombo kimoja kila baada ya miaka kumi. Lakini pia limezaa ugonjwa wa kusubiri: mpiga gitaa hatulii na sauti aliyonayo kwa sababu anaamini nzuri zaidi iko njiani.

Sasa, ndani ya sasisho huwa kuna nini hasa? Kila mtengenezaji hutoa maelezo pamoja na toleo jipya, na wengi wetu hatuyasomi. Yasome. Utakuta vitu vya aina tofauti vimechanganywa, na thamani yake kwako haifanani.

Sehemu kubwa huwa ni marekebisho ya kasoro: swichi iliyokuwa ikikwama, mpangilio uliokuwa ukipotea, mlio wa "pop" unapohama kutoka sauti moja hadi nyingine. Hakuna anayetengeneza video ya kusisimua kuhusu hayo, lakini kwa mtu anayefanya kazi na chombo chake, hapo ndipo sasisho linapolipa. Kama prosesa yako huganda katikati ya shughuli na maelezo yanasema kasoro hiyo imeondolewa, usiulize mtu yeyote. Sasisha.

Halafu huja ampu mpya na efekti mpya. Hizi ni nyongeza. Haziboreshi ulichonacho, zinakuongezea cha kuchagua. Ukiwa umepiga miaka mitatu kwa sauti moja safi yenye korasi kidogo, ampu mpya tano za roki nzito hazikuhusu. Ni sawa na kuongezewa vyumba katika nyumba ambayo unalala sebuleni.

Wakati mwingine sasisho huongeza uwezo. Mfano mzuri ni HX Stomp, ile ndogo ya Line 6: ilipotoka mwaka 2018 iliruhusu vipande sita tu kwa wakati mmoja, yaani ampu, boksi la spika na efekti zote kwa jumla visizidi sita. Toleo la 3.0 la mwaka 2020 liliongeza vikawa vinane. Sauti ya kipande kimoja kimoja haikubadilika, lakini aliyekuwa analazimika kuchagua kati ya kompresa na dilei sasa alipata zote mbili. Hilo utalisikia.

Na mara moja moja huja sasisho linalogusa namna ampu au boksi la spika linavyoigwa. Haya ndiyo yanayozua mjadala, na hapa ndipo lazima tutofautishe. Mwaka 2021 Fractal walileta kwenye Axe-Fx III hesabu mpya za kuiga ampu walizoziita Cygnus. Mwaka 2022 Line 6, kwa toleo la 3.50 la Helix, walibadilisha kabisa namna ya kuiga boksi la spika na maikrofoni iliyo mbele yake, mtumiaji akaweza kuisogeza maikrofoni hiyo kutoka katikati ya spika hadi pembeni. Kati ya haya mawili, kwa mtu wa Makutano, la pili ndilo kubwa. Sababu ni kwamba boksi la spika na maikrofoni huamua sehemu kubwa sana ya kinachofika sikioni, iwe unapiga kwa ukwaruzo au safi. Hesabu za ampu, kwa upande mwingine, hutofautiana zaidi ampu inapobanwa hadi ianze kuchanika. Ukipiga safi, ampu nyingi nzuri zinakaribiana, na ikwaliza ndogo itaziba tofauti iliyobaki.

Fikiria muziki wenyewe tunaoupiga. Benga ilijengwa juu ya noti moja moja za haraka, zikichomoza juu ya besi, na wengi husema mdundo wake ulitoka kwenye nyatiti. Alivyopiga D.O. Misiani na Shirati Jazz, na alivyopiga Joseph Kamaru upande wa mlima huu, gitaa la solo lilikuwa safi, kali kidogo, na kila noti imesimama peke yake. Mugithi wa gitaa moja, ule aliovuma nao Mike Rua, umeurithi usafi huo. Soukous ya Congo nayo, tunayoipenda kanisani na baani, ni safi vilevile. Sasa mtengenezaji anapokuambia ameboresha namna umeme wa ndani ya ampu ya valvu unavyolegea kidogo unapochapa nyuzi kwa nguvu, anasema kweli, na mpiga roki atalihisi chini ya vidole. Wewe unayepiga noti safi kwa mkono mwepesi, hiyo ampu ya kuigizwa hujaifikisha mahali pa kulegea. Umesasisha kitu usichokitumia.

Lakini mbona watu wengi, wapigaji wazuri wenye masikio, huapa kwamba wamesikia tofauti? Hawadanganyi. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa imepanda hata desibeli moja, huichagua iliyopanda, na halisemi ni kubwa. Husema ni nzito, iko wazi, ina uhai. Sasisho likibadilisha kiwango cha sauti kidogo tu, au likarudisha mpangilio fulani wa jumla ulioubadilisha zamani ukasahau, utasikia ampu mpya. Ongeza hapo ukweli kwamba umeketi kusikiliza kwa makini, jambo ambalo hujalifanya kwa miezi. Mtu anayesikiliza kwa makini husikia mengi ambayo siku zote yalikuwapo.

Kuna njia ya kujua, nayo haihitaji maabara. Kabla ya kusasisha, rekodi dakika moja ya kupiga kwako kupitia waya wa USB, huku ukihifadhi pia gitaa tupu, lisilopita kwenye ampu wala efekti. Prosesa nyingi za bei ya kati zinaruhusu hilo. Baada ya kusasisha, lirudishe gitaa lile lile tupu lipite kwenye sauti ile ile, urekodi tena. Linganisha viwango hadi vilingane kabisa kwenye mita ya kompyuta, kisha mwambie mwenzako akuchezee moja baada ya nyingine bila kukuambia ipi ni ipi. Ukikosea mara nyingi kama unavyopata, tofauti haipo, au ni ndogo kiasi kwamba haitavuka meza ya kwanza ya baa. Kama prosesa yako haina uwezo wa kurekodi kwa USB, tumia waya kutoka kwenye mlango wake hadi kwenye kompyuta au kinasa sauti, piga kipande kimoja kwa namna moja, usibadilishe chochote. Haitakuwa sahihi sana, kwa sababu mkono haupigi mara mbili sawasawa, lakini inashinda kumbukumbu. Kumbukumbu ya sauti hufifia haraka mno; usimwamini anayesema ampu yake ya jana ilikuwa hivi na leo iko vile.

Jambo jingine linalochanganya watu: masasisho hayatendi sawa kwa sauti zako za zamani. Kwenye Helix, maboksi ya zamani yaliachwa mahali pake, hivyo sauti uliyoitengeneza kabla ya toleo la 3.50 inabaki vilevile mpaka uingie mwenyewe ubadilishe boksi. Aliyesasisha, akapiga sauti yake ya zamani na kusema imefunguka, amesikia matumaini. Kwenye Axe-Fx mambo ni kinyume: hesabu za ampu zikibadilika, sauti zako nazo zinabadilika pamoja nazo, na huenda ukalazimika kuzirekebisha upya moja moja. Kabla ya kubonyeza kitufe, jua chombo chako kiko upande gani.

Tuje sasa kwenye mahali ambapo sauti ya mpiga gitaa wa kwetu huharibikia kwa kweli, na ambapo hakuna sasisho linaloweza kumsaidia: kati ya prosesa na masikio ya watu.

Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 iliyomo ndani ya ampu, ni spika maskini kwa makusudi. Juu ya kilohezi tano hivi sauti yake huanguka haraka. Spika za ukumbi zina twita inayofika karibu na kilohezi ishirini. Kwa hiyo ukizima uigaji wa boksi la spika kwenye prosesa, kisha ukaingia miksa, twita itatoa ukwaruzo wote ambao spika ya gitaa ingeumeza, na utalaumu prosesa. Kinyume chake pia hutokea: umefika mahali pana ampu, umechomeka prosesa mbele yake huku uigaji wa boksi ukiwa umewashwa, na sauti imepita kwenye spika mbili, moja ya kuigizwa na moja ya kweli. Inakuwa nzito na imefumbwa. Prosesa karibu zote zina mahali pa kuchagua unatokea wapi, kwenye miksa au kwenye ampu. Patafute leo. Hata boksi likiwa limewashwa, kata sauti za juu kuanzia kilohezi sita au saba na za chini chini ya hezi 80 au 100. Nafasi ya chini ni ya besi na ya kiki ya mashine yako. Ukiviachia, gitaa litasikika zaidi.

Kuna wanaopiga bila prosesa, gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Hapo tatizo ni la umeme. Gitaa lisilo na betri linataka mlango wenye ukinzani wa omu milioni moja hivi. Mlango wa laini wa miksa nyingi una omu elfu kumi au kumi na kitu. Sumaku za gitaa zinaelemewa, sauti za juu zinapotea, na hakuna ikwaliza itakayozirudisha vizuri. Prosesa ya bei ndogo kabisa, hata ikiwa na efekti zote zimezimwa, huondoa tatizo hilo kwa sababu mlango wake umetengenezwa kwa ajili ya gitaa. Kisanduku cha DI kinachotumia umeme, kile cha kuunganisha gitaa na miksa, nacho hufanya hivyo. Mtu akiniuliza atumie elfu zake chache wapi, hapo ni mbele ya sasisho lolote.

Halafu kuna korasi. Sauti ya gitaa safi inayometameta ambayo wengi wetu tunaitafuta ina uhusiano na Roland JC-120, ampu ya transista iliyotoka mwaka 1975 na ambayo imo kwenye prosesa karibu zote. Kwenye Helix utaikuta kwa jina la Jazz Rivet 120. Korasi ya ampu ile hutokea hewani: spika moja inatoa gitaa kavu, ya pili inatoa gitaa linaloyumbayumba, na masikio yako yanachanganya. Nyumbani, ukiwa na vipokea sauti masikioni, prosesa inakupa pande mbili na unaona mbingu zimefunguka. Ukumbini fundi wa sauti amekupa waya mmoja, na spika zote zinapiga kitu kimoja. Ule upana umekwenda, na dilei iliyokuwa ikiruka kushoto na kulia sasa imebaki nusu. Tengeneza sauti zako za kazi ukiwa umechomeka mlango mmoja tu, ule ulioandikwa L/MONO, usikilize kwenye spika moja. Hili peke yake limeokoa sauti nyingi kuliko matoleo mapya.

Na usitengeneze sauti ya ukumbini kwa sauti ya chini chumbani usiku. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii besi na sauti za juu kwa uwiano ule ule wa sauti kubwa. Unafidia kwa kuongeza besi na ukali, unaridhika, unalala. Kesho yake ukumbini ile besi inanguruma na ule ukali unatoboa masikio ya wazee wa kanisa walioketi mbele. Omba ukumbi uwe mtupu kwa nusu saa siku ya mazoezi, panga sauti zako hapo kwa kiwango cha kazi, kisha usiziguse tena nyumbani.

Nimesema machache kuhusu mguso, na ni haki kuurudia, kwa sababu hapa wapigaji huwa na hoja. Mguso ni kitu cha kweli. Unajengwa na muda unaopita kati ya kidole na sauti, na namna sauti inavyobanwa na kuachiwa. Kuhusu muda, prosesa nyingi za kisasa huchelewesha sauti kwa milisekunde mbili au tatu tu. Sauti hewani husafiri kiasi cha mita moja kwa kila milisekunde tatu. Kwa hiyo spika ya monita iliyo mita tatu kutoka ulipo inakuchelewesha kwa milisekunde tisa, mara tatu ya prosesa yenyewe. Ukihisi gitaa linakuja nyuma ya mkono, sogeza monita kabla ya kutafuta toleo jipya. Kama unatumia vifaa visivyo na waya, miksa ya kidijitali na prosesa, jumlisha kuchelewa kwa vyote. Na wanafunzi wanaofanya mazoezi kwa spika ya Bluetooth, acheni: kuchelewa kwake mara nyingi hupita milisekunde 100, na mtu akizoea kupiga hivyo mkono wake unajifunza kukimbia mbele ya ngoma.

Kuhusu kubanwa kwa sauti, angalia vitu viwili ulivyoviweka mwenyewe. Kompresa iliyozidi hufanya noti zote kulingana, za upole na za nguvu, na gitaa linaonekana limekufa mkononi. Punguza hadi uanze kuhisi tofauti ya mchapo wako, kisha simama hapo. Geti ya kukata kelele ndiyo adui wa pili: umeme wetu wa hezi 50 huingiza mvumo kwenye sumaku za koili moja, mpigaji anakaza geti ili kuunyamazisha, na geti inameza noti laini pamoja na mikia ya noti ndefu. Mara nyingi anayelalamika kwamba prosesa haina mguso wa ampu amefungwa na geti yake. Geuka kidogo ulipo jukwaani, au uiondoe adapta karibu na waya wa gitaa, kisha ilegeze geti.

Ukishaamua kusasisha, basi fanya kwa adabu. Usifanye Ijumaa wala Jumamosi. Jumatatu inatosha, upate wiki nzima ya kugundua kilichoharibika. Hifadhi sauti zako zote kwenye kompyuta kwanza, na uandike kwenye daftari mipangilio ya jumla, kwa sababu vyombo vingine hurudi kwenye hali ya kiwandani. Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia rafiki kwa WhatsApp, na hakikisha ni la chombo chako hasa: ampu za Boss Katana ya kwanza, MkII na Gen 3 zinafanana machoni lakini si chombo kimoja. Waya wa USB uwe wa kupitisha data, kwani nyingi zinazouzwa vibandani ni za kuchaji simu tu na kompyuta haitaiona prosesa. Kubwa kuliko yote ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, chombo kinaweza kubaki hakiwaki. Watengenezaji wengi wameweka njia ya kukifufua kwa kushikilia vitufe fulani wakati wa kuwasha; isome kabla, si baada. Mvua ikiwa imetanda juu ya mlima, ahirisha, au chomeka prosesa kwenye UPS na uhakikishe betri ya kompyuta imejaa.

Kwa anayenunua, neno moja au mawili. Ukiuziwa kwa bei nzuri chombo cha zamani kama POD HD500 ya mwaka 2010, usikikatae eti hakisasishwi tena. Kilichofanya kazi kwa mwenzako kwa zaidi ya miaka kumi kitakufanyia wewe, na angalau kimetulia. Udhaifu wake wa kweli ni kwamba hakipokei faili za IR, zile rekodi za maboksi ya spika zinazobebeka, na kwa kuwa nimeshasema boksi ndilo linaloamua mengi, chombo kinachozipokea kina faida kubwa hata kikiwa cha bei ya chini. Kwa mwenye kompyuta, ipo Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, programu ya bure inayoiga ampu halisi kwa kujifunza sauti zake, na inafaa sana kwa kurekodi nyumbani. Angalia pia volti. Ampu na adapta zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani mara nyingi ni za volti 120, zetu ni 240, na ukichomeka bila kusoma maandishi ya nyuma hutahitaji tena sasisho.

Kwa hiyo mpiga gitaa wa Makutano, ya Meru au ya njia ya Embu, asasishe siku anayonunua chombo ili aanze na toleo lisilo na kasoro zilizokwisha kujulikana. Baada ya hapo asubiri mpaka maelezo ya toleo jipya yataje tatizo analolifahamu kwa mikono yake, uwezo aliokuwa akiukosa, au maboksi mapya ya spika. Yakitaja ampu za roki na maneno ya sifa, afunge kompyuta, abadilishe nyuzi, na aende ukumbini mapema nusu saa kuzungumza na fundi wa sauti.